Mcheza Kwao Hutunzwa: Je, Sisi Twamtunza?



Juma hili naomba ruhusa yenu niweke kando habari za mbegu, ada za shule na vyeti vya ubatizo, nizungumze nanyi juu ya mambo matatu niyapendayo sana: muziki, kichekesho na picha. Najua wapo watakaokunja uso. Watasema, "Karani amekosa kazi. Gazeti la kanisa na vichekesho, wapi na wapi?" Basi nisikilizeni kwanza mpaka mwisho, ndipo mnihukumu.

Iko methali tuitumiayo kila siku harusini na ngomani: mcheza kwao hutunzwa. Twaitamka vizuri, tena twapunga na leso. Lakini mimi nauliza: je, ni kweli? Mwenye kipawa akicheza kwao, sisi wa kwao twamtunza? Nitawapeni habari za watu watatu, wote wa nchi yetu ya Tanzania, wote wamekwisha kufariki. Sikuwachagua kwa kuwa ni wakubwa kuliko wengine. Nimewachagua kwa kuwa mimi ni mpenzi wao, na kila mmoja ana neno la kutufundisha juu ya methali hiyo.

Wa kwanza ni mpiga ilimba, Hukwe Zawose. Alizaliwa kijijini katika nchi ya Wagogo, upande wa Dodoma, akakua akichunga ng'ombe wa baba yake. Alijifunza ala za kwao kwa kusikiliza na kujaribu, kama mtoto ajifunzavyo kusema.

Pengine wewe msomaji wa pwani au wa ziwani hujapata kuiona ilimba. Ni sanduku la mbao, na juu yake vimefungwa vyuma bapa vyembamba, virefu na vifupi, navyo hupigwa kwa vidole. Sanduku lina tundu, na juu ya tundu hubandikwa utando wa buibui, ule mweupe afunikao mayai yake, ili sauti itoke na mvumo kama wa nyuki. Na jambo linalonishangaza zaidi ni hili: katika vyuma hivyo vimo visivyopigwa kabisa. Vyakaa tu kimya, lakini jirani yao akipigwa, navyo hutetemeka na kulia vyenyewe. Nikisikiliza nakumbuka jumuiya zetu ndogo ndogo zinavyotakiwa kuwa: mmoja akilia, na asiyeguswa alie naye.

Zawose alikuwa na sauti ya ajabu. Aliweza kuishusha chini ukadhani ni ngurumo ya mbali, mara akaipandisha juu kama sauti ya mtoto. Katika miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alivutiwa na muziki wake, naye akaitwa Dar es Salaam kupiga muziki kwa ajili ya taifa. Baadaye akawa Bagamoyo, katika Chuo cha Sanaa, akiwafundisha vijana. Kisha nyimbo zake zikarekodiwa na Real World Records ya Uingereza, ambayo mwimbaji Peter Gabriel aliianzisha mwaka 1989. Hiyo ni kampuni ya namna ile iitwayo ya kujitegemea, yaani si moja ya yale makampuni makubwa machache yanayoshika soko la dunia. Kampuni za namna hii huweza kumpokea mtu ambaye nyimbo zake si za kuchezwa dansini, ambaye hana gitaa la umeme wala mavazi ya kumeremeta, bali ana ilimba, zeze na koo lake. Mwaka 1996 ilitoa sahani yake iitwayo Chibite. Mimi naipenda kwa sababu haina mapambo: wasikia mbao, chuma na watu. Zawose alifariki mwishoni mwa mwaka 2003.

Tazameni basi. Zawose alitunzwa kwao, tusidanganyane, maana nchi yake ilimwita na kumpa nafasi. Lakini niulize tena: ni nyumba ngapi za nchi hii zilizo na sauti yake? Watu wa London waliinunua. Sisi tuliomwelewa maneno yake tuliiacha ipite, tukadhani ni ya watalii.

Mtu wangu wa pili ni wa kicheko. Jina lake Amri Athumani, lakini mkimtaja hivyo watoto hawatamjua. Semeni King Majuto, nao wataanza kucheka kabla hamjamaliza. Alizaliwa Tanga mwaka 1948, akaanza kuigiza angali mtoto, akaendelea mpaka uzee wake. Aliigiza jukwaani na katika filamu za video, zile zilizofika hata kwenye vibanda vya vijiji visivyo na umeme, ambako jenereta hunguruma nje na watu hubanana ndani.

Mara nyingi alijifanya mzee mjanja, mwenye tamaa, apendaye kujionyesha mkubwa mbele ya watu, na mwishowe akafedheheka. Mtazameni jinsi alivyofanya. Hakukimbilia neno la kuchekesha. Alinyamaza kwanza, akageuza macho, akavuta mdomo, nanyi mlikwisha kucheka kabla hajanena kitu. Alisifika kwa kuigiza bila kukariri maandishi, maana maneno yalimjia palepale. Walioigiza naye walikuwa na kazi ngumu ya kujizuia wasicheke.

Kwa nini namsifu katika gazeti letu? Kwanza, kwa sababu katika michezo yake mwenye kuchekwa zaidi alikuwa yeye mwenyewe. Alibeba tamaa zetu na majivuno yetu, akayavaa mwilini mwake tuyaone. Marehemu alikuwa Mwislamu, lakini mzee wa namna ile yumo katika kila parokia, na pengine huketi kiti cha mbele! Pili, kwa sababu Kanisa halina ugomvi na kicheko. Tarehe 14 Juni 2024 marehemu Papa Fransisko aliwakaribisha Vatikano wachekeshaji zaidi ya mia moja kutoka nchi mbalimbali. Aliwasifu kwa kazi yao ya kuwafurahisha watu wenye huzuni, akaeleza pia kwamba mzaha mwema haumdhalilishi mtu. Basi atakayenikemea kwa kumpenda Majuto, akumbuke kwamba nimekaa upande wa Baba Mtakatifu.

Lakini sasa sikilizeni la kuhuzunisha. Mwaka 2018 Majuto aliugua sana. Ndipo yakasemwa hadharani mambo ya mikataba yake, jinsi alivyotumika kuliko alivyolipwa, hata serikali ikaunda kamati ya kuichunguza mikataba ya wasanii. Alifariki tarehe 8 Agosti mwaka huohuo katika hospitali ya Muhimbili, akazikwa kwao Tanga. Taifa lilimlilia. Machozi yalikuwa ya kweli, sikatai. Lakini machozi hayalipi dawa, wala hayarudishi nyuma mkataba uliokwisha kutiwa sahihi.

Mtu wa tatu ni mchoraji, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, kusini mwa nchi yetu. Alikwenda kutafuta kazi kama vijana wengi wa vijijini, akafika Dar es Salaam. Mnamo mwaka 1968 akaanza kuchora. Hakuwa na turubai la wachoraji wala rangi za Ulaya za kwenye vijitubu. Alichukua vipande vya mbao nyembamba za kuezekea dari, akavikata mraba. Alichukua rangi ya mafuta ya madukani, ile ya kupaka baiskeli na milango. Kwa hizo akachora chui, tembo, ndege na kiboko.

Picha zake ni rahisi kutambua. Mnyama mmoja anajaza ubao wote, mkia umepindwa ili upate nafasi, madoa yamepangwa moja moja kwa subira, na nyuma yake rangi moja tu iliyo wazi. Jicho la chui wake lakutazama wewe. Mimi picha zile huzipenda kuliko picha nyingi zilizochorwa kwa ustadi mkubwa zaidi, kwa sababu mchoraji hakutaka kunionyesha jinsi anavyojua. Alitaka nimwone chui.

Picha hizo ziliuzwa huko Oyster Bay, karibu na maduka ya Morogoro Stores, na wanunuzi wake wengi walikuwa wageni. Tena hakuishika kazi peke yake kwa choyo. Aliwafundisha ndugu na vijana wachache. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi za askari polisi waliomdhania mhalifu waliyekuwa wakimfukuza. Hesabuni wenyewe: alichora kwa miaka kama minne tu. Lakini wanafunzi wake waliendelea, na wanafunzi wa wanafunzi wake, hata mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika. Leo neno "tingatinga" si jina la mtu tu, ni jina la namna nzima ya kuchora, nalo lajulikana duniani. Familia nyingi hula, husomesha na hujenga kwa kazi iliyoanza na kipande cha ubao wa dari.

Sasa, wasomaji wapenzi, tuwaweke watu hawa watatu pamoja. Hakuna aliyeanza kwa kungoja msaada. Mmoja alichukua ala za baba zake, mmoja uso wake mwenyewe, mmoja rangi ya baiskeli. Kila mmoja alianzia katika kile kilichokuwapo nyumbani. Na kila mmoja alipata heshima. Lakini mmoja nyimbo zake zilinunuliwa zaidi na watu wa mbali, mmoja mikataba yake haikumfaa, na mmoja picha zake zilipambwa katika kuta za wageni. Je, methali yetu imesimama sawasawa? Mimi naona inachechemea.

Wala msidhani nawasema watu wa mjini peke yao. Mimi ni karani, kazi yangu ni daftari. Nimeona madaftari ya sikukuu mengi, tena si ya parokia moja. Humo mna ng'ombe na bei yake, mchele na bei yake, soda, mafuta ya jenereta, fundi wa kufunga maturubai. Kila kitu kina senti yake. Lakini mara nyingi ukilitafuta jina la kijana aliyechora ukutani picha ya Mtakatifu msimamizi, au mzee aliyepiga zeze wakati wa kumpokea Askofu, hulioni. Ukiuliza, waambiwa, "Huyo alijitolea." Alijitolea, au tulimtoa?

Najua kujitolea ni jambo jema. Mwanakwaya aimbaye Misa kwa ajili ya Mungu hapungukiwi kitu, na wala hataki shilingi yetu. Lakini sadaka ni sadaka kama mwenye mali ameulizwa akakubali. Mtu akiitwa, akafanya kazi siku nne, akanunua rangi kwa fedha zake, kisha akapewa sahani ya pilau na makofi, hiyo si sadaka yake, ni deni letu. Bwana Wetu mwenyewe alipowatuma wanafunzi wake, alizungumza waziwazi juu ya haki ya mtenda kazi kupata ujira. Hakusema isipokuwa mchoraji na mpiga zeze.

Tena liko jambo la nyimbo za simu. Twakwenda kibandani, kijana atuingizia nyimbo mia kwa bei ya maandazi machache, na aliyeziimba hapati hata thumni. Nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, lakini sheria haiwezi kukaa katika kila kibanda. Dhamiri yaweza. Kwaya ya parokia ikitoa nyimbo zake kwa kuchangishana, wewe jirani nunua. Usingoje rafiki yako anunue nawe ukamwombe akurushie.

Hapa nageukia akina baba na akina mama, maana mambo haya huanza nyumbani.

Mtoto wako akichora ng'ombe ukutani kwa mkaa, usitangulize fimbo. Chuoni, katika mafunzo ya ualimu, tulifundishwa kwamba mkono wa mtoto hujifunza kuchora kabla ya kuandika, na kwamba mchoro humsaidia baadaye kushika kalamu. Mpe mahali pake: ukuta wa nyuma ya jiko, au upande mtupu wa kalenda ya mwaka uliopita. Mwambie, "Hapa ni pako, kule sebuleni ni pangu." Atakuelewa. Na akimaliza, mwulize ng'ombe huyu ni wa nani. Swali hilo halina gharama yoyote.

Mtoto wako akimwigiza katekista anavyotembea na anavyokohoa, jizuie kidogo. Tazama anamcheka nani na kwa nini. Akimcheka kilema au maskini, mkanye sana, kwa kuwa huo si uchekeshaji, ni ukatili. Lakini kama anaigiza majivuno ya wakubwa, yako nawe yakiwamo, basi kuna jambo ameliona. Mfundishe mpaka wa adabu, usiue kipawa.

Na binti yako akitaka kushika ala, usimwambie hiyo ni kazi ya wanaume. Katika ukoo wa Zawose kwa muda mrefu wanawake waliitikia tu nyuma ya waimbaji wanaume. Lakini Pendo Zawose, binti yake marehemu, pamoja na Leah Zawose, mjukuu wake, walisimama mbele na nyimbo zao wenyewe, na mwaka 2024 wakatoa sahani iitwayo Maisha. Babu angewakataza, leo tungekosa.

Wapo watakaosema, "Karani, wasanii ni walevi, tutawapoteza watoto." Nawajibu kwa heshima. Seremala naye huweza kulewa, lakini hakuna achomaye randa moto kwa sababu hiyo. Ulevi tuukemee kwa jina lake. Papa Yohane Paulo wa Pili, ambaye ujanani aliigiza michezo ya jukwaani, mwaka 1999 aliwaandikia wasanii wa dunia barua nzima ya kuwatia moyo. Yeye hakuwaona kama kundi la wapotevu.

Lakini pia msinielewe vibaya mkamtoa mtoto shuleni ati kwa sababu Tingatinga hakusomea kuchora. La! Habari ya Majuto inatufundisha kinyume chake. Mwenye kipawa ndiye anayehitaji shule zaidi, maana siku moja ataletewa karatasi atie sahihi. Sisemi marehemu hakujua kusoma. Nasema mkataba una lugha yake, na mwandishi wake huwa ameifikiri kwa miezi, na mtiaji sahihi hupewa dakika kumi. Mfundisheni mtoto kusoma polepole, kuhesabu, na kusema, "Niachie karatasi hii nikaionyeshe nyumbani." Neno hilo moja laweza kumwokoa kuliko ng'ombe kumi wa urithi. Tena asione haya kuileta kwa mwalimu, kwa padre, hata kwa karani.

Basi nina ombi moja kwenu. Jumapili hii, baada ya Misa au ibada ya kigangoni, ulizaneni: hapa kwetu nani hupiga ala ya jadi? Nani hutuchekesha bila kumwumiza mtu? Nani huchora? Andikeni majina matatu. Na sikukuu ya msimamizi ikikaribia, kamati inapoandika ng'ombe na mchele, mmoja wenu asimame aseme, "Tuweke na mstari wa mchoraji." Hata kama ni kiasi kidogo, kiandikwe, na jina liandikwe mbele yake. Mambo yasiyoandikwa husahauliwa upesi, nalo hilo nalijua kwa kazi yangu.

Hapo methali yetu itasimama kwa miguu yote miwili, nasi tutaweza kuitamka harusini bila kuona haya.

Kalamu naiweka chini. Tutaonana juma lijalo, Mungu akipenda.

Ni mimi, Karani wenu.